Kigingi Nilichokisogeza

Wakati wa vita vya Wajerumani na Wabelgiji, sisi wa Rumonge tuliliogopa ziwa. Mashua yoyote iliyotokea upande wa Kongo ilitukimbiza mashambani. Kisha bwana wa Kijerumani akaamua kujenga ghala la baruti katikati ya nyumba zetu, na hofu ikahamia nchi kavu.

Alipigilia kigingi mahali ghala litakapokaa, akafunga kamba, akaikata kwa urefu alioutaka. Nyumba yoyote ya nyasi ambayo kamba ingeifikia ilipaswa kubomolewa siku ileile, moto usije ukaruka kwenye baruti. Akaondoka, akamwachia kazi askari wake. Askari alinichagua mimi kwa kuwa nilijua Kiswahili. Nilitakiwa kushika ncha ya kamba na kuzunguka, nikichora ardhi kwa kijiti.

Jirani yetu, mzee mkamuaji wa mawese, alisimama mlangoni kwake upande wa ziwa. Kamba ilipita mbele yake bila kugusa nyumba.

“Leo wewe ndiyo mbuzi wa kufungwa kamba,” alinitania. “Zunguka, baba, maliza majani.” Akarudi nyuma ya nyumba kwenye mafuta yake.

Upande wa mlima, kamba iligusa ukuta wa mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Alichungulia, akauliza kwa sauti ndogo: “Mwanangu, nyumba yangu iko ndani ao inje?”

“Inje, mama,” nikasema.

Askari alikuwa ameenda kunywa maji. Nilikimbia katikati, nikang’oa kigingi, nikakipigilia hatua chache kuelekea ziwani. Tundu la kwanza nililifukia kwa kisigino, na mchoro wote nikaufuta kwa nyayo. Nikaanza upya. Safari hii ukuta wa mama mkubwa ulisalimika.

Nilikuwa nimefikiria upande mmoja tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima kati ya vijana wa sekondari, mwalimu alitufundisha kwamba nusu kipenyo cha duara ni kilekile pande zote, na kitovu kikihama, duara zima linahama nacho. Mimi nililijua hilo tangu siku ile, kamba ilipoingia mlangoni kwa yule mzee.

Mzee alilalamika kwamba mwanzoni ilipita mbele. Askari akaja kupima mwenyewe. Nilisimama juu ya tundu nililolifukia. Alivuta kamba kutoka kwenye kigingi hadi kwenye mchoro, huku na huku, kwa mama mkubwa, kwa mzee. Kila mahali ilifika sawasawa. Duara halikuwa na kosa hata moja la kunishtaki. Akamwamuru mzee abomoe.

Mzee alinigeukia. “Wewe ndiye uliyeshika kamba, mwanangu. Mara ya kwanza ilipita wapi?”

Askari alikuwa na kiboko mkononi. Nilimsikia mama mkubwa akikohoa.

“Ilipita palepale,” nikasema.

Mzee aliingia ndani kutoa mitungi ya mawese, na mmoja ulipomshinda akaniomba nimsaidie. Niliubeba mpaka chini ya michikichi, mafuta yakinimwagikia kifuani.

“Murakoze,” alinishukuru kwa Kirundi, nami nikaitikia.