Kikausha Mvuke cha Mama Cheche

Mama Cheche alikisoma kile kibao mara ya pili, akidhani labda miwani inamchezea. Miwani haikuwa na kosa. Ubavuni mwa kichwa cha treni, juu ya rangi mpya ya kijani, shemeji yake alikuwa amebandika kibao cha shaba kinachong'aa: Kazi ya mikono ya ndugu wawili.

Ndugu wawili! Mmoja alikuwa marehemu mume wake, hapo hakuna ubishi. Wa pili ndiye huyo huyo aliyesimama pale na kitambaa akifuta alama za vidole, mtu ambaye hajawahi kushika tupa tangu azaliwe. Mchango wake kwenye treni ile ulikuwa rangi, na hata hiyo aliipaka baada ya kaka yake kuzikwa.

Jina la Mama Cheche alilipata kwenye karakana ya kiwanda cha sabuni, alikochomelea mabomba ya maboila mpaka akastaafu. Mumewe alikuwa fundi mashine. Walianza kutengeneza treni ndogo ya mvuke nyumbani, kichwa chake kirefu kama meza ya kulia chakula, chenye nguvu ya kukokota mabehewa ya kukalia watu. Mume alichonga magurudumu na silinda sebuleni, akajaza zulia vumbi la chuma. Mke alichukua stoo, akatengeneza boila na kikausha mvuke.

Sasa, kikausha mvuke si urembo. Mvuke unaotoka moja kwa moja kwenye boila umebeba maji, ukifika kwenye silinda unapoa, na nusu ya nguvu inaishia njiani. Kwa hiyo unaurudisha motoni kwanza. Unaupitisha kwenye mabomba membamba yaliyolazwa ndani ya mabomba makubwa ya boila, yanakwenda mpaka karibu na tanuri, yanakata kona na kurudi. Ukitoka huko umekauka, una joto kali, na treni inavuta mzigo kwa makaa kidogo. Ubaya wake ni kwamba ukishakifunga, hakuna anayekiona tena.

Mara ya kwanza kona zile aliziunga kwa lehemu. Mume akaiacha treni imesimama, moto umekolea, koki ya mvuke imefungwa. Mabomba yalikuwa matupu, hayakuwa na mvuke wa kuyapoza, na lehemu ikayeyuka. Alipofungua koki, mvuke ukamwagika kwenye makaa na majivu yakamrukia usoni. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Mama Cheche akatafuta mabomba ya chuma kisichoshika kutu, akachomelea kona moja, akaipasua kwa msumeno aone ndani imeshikaje, hakuridhika, akaanza upya. Mume akamuuliza hiyo kazi yote nani ataiona. Akamjibu kwamba moto utaiona.

Na leo anasoma ndugu wawili.

Alijizuia, akamuuliza shemeji yake kwa adabu. Shemeji ndiye mwenyekiti wa chama cha treni ndogo pale bustanini, na treni ile Mama Cheche aliiacha kwenye banda lao kwa hiari yake mwenyewe.

"Shemeji, usiwe na moyo mdogo hivyo," akasema mwenyekiti. "Ulisaidia na vile vibomba vya ndani, hatukatai. Lakini hatuwezi kumwandika kila aliyeshika spana."

Ulisaidia. Kama vile alikuwa akishika taa! Alilirudia neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kesho yake, mchana kweupe, alirudi na sanduku la vifaa. Alifungua mlango wa mbele chini ya dohani, akachomoa mabomba yake yote, akafunga bomba fupi la kupeleka mvuke moja kwa moja kwenye silinda. Alipima kila kiungo kisivuje, maana hasira haikumfanya awe fundi mbovu. Kisha akaenda kumwambia shemeji yake ana kwa ana: amechukua vyake, treni itatembea na haina hatari, na siku jina lake litakapoandikwa atavirudisha. Mwenyekiti akacheka. Akasema watu wanakuja kuona treni, hawaji kuona mabomba.

Siku ya maonyesho bustani ilijaa. Treni iliondoka ikitema maji, dohani ikamnyunyizia mwenyekiti, aliyeketi behewa la mbele, masizi kwenye shati jeupe. Kwenye tambarare ilijikongoja. Kwenye kilima kidogo, mabehewa yakiwa yamejaa watu, ikakohoa, ikasimama. Wakangoja mvuke ujikusanye. Ikasogea kidogo, ikasimama tena.

Katibu wa chama alikuja mbio hadi kwenye benchi la kando ya reli alipokaa Mama Cheche, mabomba yamefungwa kwenye taulo mapajani, akaanza kumbembeleza.

"Mimi sina ugomvi na wewe," Mama Cheche akamwambia, wala hakushusha sauti. "Yeye aje aseme mbele ya hawa watu kikausha mvuke ni kazi ya nani. Akisema, hata kile kibao nitakisahau."

Mwenyekiti alisikia. Alimtazama, akawatazama abiria, na kwa kitambo Mama Cheche alidhani atakuja. Alitaka aje. Angempa mabomba yale palepale, angeyafunga mwenyewe huku moyo umetulia.

Mwenyekiti akakunja mikono ya shati. Akaenda nyuma ya behewa la mwisho, akainama, akaegemeza bega, akaanza kusukuma. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya burudani. Akaifikisha juu huku akihema. Treni ikazunguka, ikarudi pale pale, ikasimama, naye akashuka akasukuma tena, raundi baada ya raundi, mpaka jioni.