Jora Moja la Komunyo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mkasi wala cherehani. Fundi Mkuu, mwenye duka la ushonaji pale Lizaboni, alinipa sumaku iliyofungwa kamba, akaniamuru niiburuze sakafuni niokote pini. Nilinuna. Nilikuwa nimejifunza ushonaji kwa masista, na cheti ninacho.

"Usininunie, binti," alisema. "Pini ikibaki kwenye nguo ya mtoto haimuulizi baba yake ni nani. Inachoma tu. Na wewe ushone hivyohivyo, usiulize."

Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila alfajiri, lakini mkali kama pilipili. Upindo, ule mkunjo wa chini ya nguo, ukienda kombo alifumua mbele ya mteja, awe mke wa bwana mkubwa au muuza mchicha, kwa wembe uleule. Miaka ilipopita akanikabidhi mkasi, nikawa mkataji. Mshonaji akikosea, utafumua. Mkataji akikosea, kitambaa kimekwenda.

Mwaka mmoja Paroko alituletea jora la kitambaa cheupe kutoka Dar, aina ambayo hapa mjini haikuwapo. Alitaka wasichana wote wa Komunyo ya Kwanza wavae gauni la mtindo mmoja, asije mtoto akaona aibu mbele ya altare. Nililichora jora zima kwa chaki kabla ya kukata, kama ilivyo desturi ya kazi. Kitambaa kiliwatosha wote, kwa kubanabana. Gauni la mwisho lilikuwa la Skola, aliyelelewa na bibi yake, kibarua wa palizi kule Mshangano.

Ndipo akaja Mama Getruda. Mumewe alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule iliyokuwa ikitupatia kazi ya kushona sare, na sare ndizo zilizotulisha.

"Shikamoo, Fundi. Getruda wangu naomba mmwongezee marinda, gauni lizunguke vizuri."

"Marahaba, mama. Marinda yanakula kitambaa. Hapa kuna mtoto atakosa."

"Si yule mjukuu wa bibi wa palizi? Huyo hata gauni la mtumba atashukuru."

Niliogopa, nasema kweli, maana nilikuwa na watoto shuleni. Nilimwona Fundi Mkuu akizitazama cherehani zetu moja moja, na mafundi waliokaa nyuma yake.

"Mkataji," akasema, "kata kama ulivyochora."

"Haya," akasema Mama Getruda. "Mafundi wa sare mjini ni wengi."

"Ni wengi, mama. Karibu tena."

Nilikata kama nilivyochora. Hata kabla ya siku ya Komunyo tulipata habari kwamba sare zimepelekwa kwingine. Nilimkasirikia sana Fundi Mkuu. Dhamiri safi hailipi ada, nilijisemea, na nyumbani tulikula ugali kwa majani ya maboga hadi wanangu wakalalamika.

Siku yenyewe wasichana walipanga mstari mlangoni mwa kanisa, migongo kwetu, shela kichwani. Mama Getruda akaja mbiombio, akaona utepe wa kiunoni mwa mmoja wao umefunguka, akainama kuufunga.

"Simama wima, mama, baba yako anakutazama," akamwambia mtoto.

Mtoto akageuka. "Shikamoo, mama."

Alikuwa Skola. Kutoka mbele Getruda akacheka, "Mama, mimi niko huku!"

Nilikuwa karibu, nikajua sasa atauachia utepe. Akalitazama gauni la Skola, akalitazama la mwanawe. Vidole vikasimama. Kisha akaendelea kufunga, akalinganisha ncha mbili za utepe, akaishika shela ikae sawa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umependeza."

Sare hazikurudi, sitawadanganya. Sasa nimestaafu, tundu la sindano silioni tena, na mafundi vijana wanaonitembelea huniuliza kama ilitufaa kuikosa kazi kubwa namna ile kwa ajili ya gauni moja. Huwapa jibu lile alilonipa Fundi Mkuu Jumatatu iliyofuata Komunyo, nilipomsimulia habari ya utepe. Alinisikiliza bila kuinua kichwa kwenye cherehani.

"Utepe aliufunga vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi tumeshalipwa. Okota pini."