Siku Ambayo Mbok Hakuiuliza

Mdogo wangu Parjiman hajawahi kumaliza glasi ya chai akiwa ameketi. Anakunywa nusu, anainuka, anakwenda mlangoni kuchungulia barabara kana kwamba kuna mtu kamwahidi kuja, na ile nusu iliyobaki ninaimwaga uani. Watu wa kijiji chetu cha Sumberwaru walimpa jina la Gurudumu tangu yuko shule. Hakukasirika. Nadhani aliona ni sifa.

Alianza na Sumatra, kwenye mashamba ya michikichi. Akarudi na saa kubwa ya mkononi, akanunua ng'ombe, akampa jirani yetu Pak Karsono amfuge, ndama wagawane. Ng'ombe alipopata mimba, Parjiman akamuuza, akaenda kujenga maghorofa Malaysia. Akarudi, akapanda miti ya mbao nyuma ya nyumba, ile inayotaka miaka sita. Mwaka wa tatu akaikata ikiwa myembamba kama mikono yangu, akapanda meli ya kwenda Kalimantan. Akarudi tena, akachimba bwawa la kambare, mvua ikaja, kambare wakahamia kwa majirani. Kijiji kizima kilikula samaki wa bure wiki hiyo na kumshukuru sana. Mke alikuwa naye, mwanamke mzuri wa kutoka Wonosari. Alichoka kusubiri, akarudi kwao.

Kila akirudi anasema hivi: "Safari hii natulia, Yu. Nawekeza hapahapa nyumbani." Anasema kweli, maana akisema hivyo anaamini. Na mimi dada yake mkubwa, huyo Yu, ninayefunga vipande vya tempe ya soya kwa majani ya msaji kila siku ya Mungu, huwa ninaangalia miguu yake. Miguu haijawahi kuamini.

Idd iliyopita alikuja na jambo zito kuliko yote. Alitaka kuuza nyumba ya Mbok, mama yetu.

Nyumba hiyo ni ya msaji mtupu, nguzo kwa boriti, haina msumari hata mmoja. Babu aliijenga, marehemu baba akaongeza baraza. Nyumba kama hizo siku hizi wanazitaka watu wa mjini. Wanazifungua kipande kwa kipande, wanazibeba kwa lori, wanazisimamisha upya ziwe hoteli. Parjiman alikuwa ameshampata mnunuzi, bwana mmoja wa mjini Yogya, Pak Wiratmo. Mpango wake ulikuwa kumjengea Mbok nyumba ya matofali, na pembeni vyumba vya wageni.

"Wazungu wanalipa ili waamshwe na jogoo, Mbok!" alisema, akitembea huku na huku barazani. "Sisi jogoo tunao, tena wa bure. Nitawapeleka pangoni, nitawapeleka ufukweni, jioni wanakuja kula muhogo wako. Unaonaje? Tuiuze?"

Mbok alikuwa anamenya muhogo. "Ndiyo, Le," akasema kwa upole, kama anavyomwita mwanawe tangu utotoni, na kisu hakikusimama.

"Umesikia, Yu? Mbok kakubali!"

Hapo ndipo damu ilinichemka. Kwetu hakuna jambo linalofanywa bila kutafutiwa siku. Siku saba za wiki zinapishana na siku tano za soko, na mtu haozi binti, hachimbi kisima, hahamishi hata banda la mbuzi, kabla ya kumwendea mzee wetu Mbah Sodikromo apige hesabu kama siku ni njema. Kwa hiyo mtu akikubali kwa moyo, neno linalofuata mdomoni mwake ni: lini? Asipouliza siku, amekataa kwa adabu. Aliyelelewa vizuri anaelewa, anakunywa chai yake, anazungumzia mvua.

"Mbok amekuuliza ni lini?" nilimwambia.

"Atauliza nini? Siku ninayo mimi. Jumapili, lori la Pak Wiratmo lina nafasi."

"Masikio yako uliyasahau Sumatra, wewe."

"Una wivu, Yu," alisema akicheka, na alikuwa tayari yuko mlangoni.

Alizunguka kijiji kizima. Kufungua nyumba kunataka mikono mingi, na kwetu mikono hainunuliwi: majirani wanakuja, mwenye nyumba anapika, basi. Pak Karsono akamjibu, "Ndiyo, bwana," akaanza kulalamikia bei ya mbolea. Fundi Tukiran akasema, "Ndiyo, bila shaka," akamkaribisha kahawa. Nyumba baada ya nyumba ilikuwa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Parjiman alirudi anang'aa.

"Wanaume thelathini, Yu! Upike wali wa kutosha."

Sikupika. Mbok naye hakuniambia nipike, na yeye ni mtu ambaye hata akija muuza mifagio huweka sufuria motoni.

Jumapili lori lilifika mapema, na Pak Wiratmo amevaa kofia nyeupe. Uwanja ulikuwa mtupu, kuku tu. Parjiman akakimbia mlango hadi mlango. Ng'ombe wa Pak Karsono alikuwa anazaa, ajabu, maana alfajiri hiyo tulimwona mwenyewe analima naye. Mgongo wa Tukiran ulikuwa umekaza. Wengine walikuwa wamekwenda msibani, ila hakuna aliyetaja aliyefariki.

"Basi naanza peke yangu!" Parjiman akapiga kelele. Akaegemeza ngazi, akapanda, akaanza kung'oa vigae.

Mbok akatoka ndani. Nilidhani atamwambia ashuke. Akasimama chini ya ngazi, akanyoosha mikono, akapokea kigae cha kwanza, akakipanguza kwa kanga yake, akakiweka pembeni. Akapokea cha pili. "Taratibu, Le, hapo panateleza," alisema. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi yote ninayoyajua, lakini nilipoona anavyovipanga vile vigae, kama vyombo vya karamu, nikaanza kulia nikiwa nimesimama.

Pak Wiratmo naye ni mtoto wa huku huku. Alimtazama Mbok, akautazama uwanja, akavua kofia. Akamwita Parjiman kwa sauti ya chini. "Pak, nadhani siku ya leo si nzuri. Tutafanya siku nyingine."

"Siku gani?" Parjiman aliuliza kutoka juu.

Pak Wiratmo akatabasamu, akasema barabara yetu ina vumbi sana kiangazi, akapanda lori.

Parjiman alibaki amekaa juu ya paa, kando ya tundu alilolitoboa mwenyewe. Chini yake kilionekana kitanda cha Mbok. Usiku uliopita Mbok alikuwa amekisogeza ukutani, na mkeka ameukunja, tayari kuhama, bila kumwambia mtu. Parjiman alikitazama muda mrefu. Kisha akashuka kwa hasira, uso mwekundu kwa jua.

"Kijiji hiki kimekufa," alisema. "Mimi narudi Kalimantan, Mbok. Naomba ruhusa yako."

"Ndiyo, Le," akasema Mbok. Akainama kusawazisha kigae kilichokaa upande.

Parjiman alishakwenda hatua mbili kuelekea mlangoni, kuchukua begi. Akasimama. Sijawahi kumwona akisimama namna ile, hata mguu hautikisiki.

"Yu," aliniita bila kugeuka. "Nilipokwenda Sumatra, Mbok aliniuliza naondoka lini?"

"Hakukuuliza."

"Malaysia?"

"Hakukuuliza."

"Ile mara ya Kalimantan?"

"Parjiman, hajawahi kukuuliza. Hata mara moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ulilelewa na kuku?"

Hakucheka. Alirudi akachuchumaa mbele ya Mbok. Mikono yake ilikuwa na vumbi jekundu la vigae, hakujua aiweke wapi, mwishowe akashika pindo la kanga ya Mbok kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, sokoni.

"Siendi, Mbok," akasema. "Nabaki."

Mbok akaacha vigae. Akamwinulia uso, macho yamemtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mama yangu, aliuliza haraka, karibu kwa pupa:

"Mpaka lini, Le?"

 Parjiman akapanda ngazi kurudisha vigae. Mbok alimpa kimoja kimoja, na kila alichompa hakukiachia mpaka amtazame usoni kwanza, akisubiri jibu.