Debe la Salome

Siku ile nilikuwa nachambua maharage nje ya nyumba, nikimlaumu mume wangu, Zakaria, kwa kutuhamisha. Kilombero tuliishi vizuri, yeye akikata miwa kwenye shamba la sukari, mimi nikilima mpunga. Lakini alikuwa Mrundi, aliletwa Tanzania mkimbizi akiwa mtoto, na mwaka tisini na tatu aliposikia kwao kumetulia akatubeba mimi na binti yetu Salome, wa miaka sita, tukaanze upya. Nilimwambia hata maharage ya kwao ni magumu kuiva. Alicheka, akachukua jembe akaenda shambani.

Mchana jirani yangu alipita mbio bila kunisalimu. Mwanamke yule hakuwahi kupita bila kuniomba chumvi. Nyuma yake, juu ya kilima, kulikuwa na moshi. Nilimshika Salome mkono, tukaingia kwenye migomba, tukalala kifudifudi.

Watu wenye mapanga walipita njiani. Walikuwa wakiita majina ya wenyeji kwa sauti ya upole. Aliyeitika, walimfuata alipo.

Wakatokomea.

Kisha nikasikia, “Mama Salome! Salome!”

Salome alifungua mdomo. Nikauziba kwa kiganja.

Alimjua baba yake. Mimi pia nilimjua. Lakini labda wako nyuma yake, niliwaza, labda wamemshikia panga aite. Aliita mara tatu, akaelekea bondeni. Hatukumwona tena.

Tulirudi Kilombero, kijijini Mchombe, kwa dada yangu mkubwa, Kristina, tukiwa na kanga mbili na mtoto asiyesema. Salome hakuwa bubu, alinyamaza tu tangu siku ile. Na Mchombe mtoto asiyewaamkia wakubwa hana pa kujificha. Mmoja akasema ana kiburi, mwingine akasema amerogwa. Sikumweleza mtu. Sikumwamini mtu. Jirani mmoja akatuletea samaki, perege, nikampa paka kwanza, paka akala akanenepa. Kifurushi chetu kilikaa mlangoni, tayari kwa safari, na Salome nilimkataza kwenda mbali na macho yangu.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, Kristina akawa anaondoka naye asubuhi, eti kuchota maji. Walirudi jioni. Ndoo ilikuwa na maji, sawa, lakini kucha za Salome zilijaa tope na macho yalikuwa mekundu. Nikajua dada yangu anampeleka kwa mganga. Sikuuliza. Siku ya nne nikawafuata.

Waliingia shambani kwetu. Kristina alikaa chini akifinyanga vidonge vya tope vya kurushia ndege. Salome alipanda ngazi hadi kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunamokaa kuwinga ndege wasimalize mpunga. Kila mtoto huku ana maneno yake ya kuwinga. Wengine hutaja ugali, wengine humtukana jirani.

Kundi la ndege likatua. Salome akagonga debe, akapaza sauti.

“Baba, tuko huku!”

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Nakumbuka kiganja changu kikiwa mdomoni mwake.

Hakunisukuma. Alilala kifudifudi juu ya dungu, kama tulivyolala migombani, akatulia.

“Mdogo wangu, shuka,” Kristina alisema.

Nilishuka.

“Ungeniambia,” nilisema.

“Ungemruhusu?”

Nilimtazama Salome kule juu, bado kifudifudi.

“Sijamuuliza kitu hata siku moja,” alisema. “Nilimwambia tu kwamba hapa kelele ni kazi. Siku tatu aligonga debe. Leo ndiyo kasema. Basi, na wewe ukaja.”

Nilikaa matutani nikalia kwa aibu. Wanakijiji wote niliwapima kwa paka, na mkono aliouogopa mwanangu ulikuwa wangu.

Kesho yake niliomba debe la pili. Nilisimama mwisho wa shamba, mbali naye, na ndege walipotua nikaita, “Zakaria, tuko huku!” Nikaita tena. Salome hakugeuka. Niliita siku nyingi, ndege wakala walivyotaka upande wangu, hadi asubuhi moja debe la juu likanijibu, na baada ya debe, yeye.

Sasa Salome ana duka mjini, mtaa wa Mlabani, na watoto wawili wenye kelele, ambao hawaambii wanyamaze. Hodi haijaisha, ameshaitika. Mimi bado husubiri niitwe mara ya pili.

Kama ningeitika siku ile, huenda tungekufa sote. Huenda Zakaria angekuwa hapa, mzee, akinicheka kwa maharage yangu. Nimelipima jambo hili miaka yote na sijui. Salome hajawahi kuniuliza kama niliitambua sauti ile. Nami, hadi leo, sijamwambia.