Mto Uliomwosha Mlamu Wangu

Watu wakisikia kwamba nilifika India, huniuliza habari za tembo. Tembo niliwaona, wa mawe na wa kweli, na sina la kusema juu yao. India ninayoikumbuka mimi ni hekalu lililobomoka kando ya mto, ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na mgongo wa mlamu wangu akiingia mtoni huku mimi nimemshikia buti zake.

Mlamu huyo alikuwa mume wa dada yangu. Kabla ya vita alikuwa akipima chumvi na kukata vitambaa katika duka la Mhindi mmoja pale Makambako, barabara inapogawanyika, moja kwenda Mbeya na nyingine kuja kwetu Njombe. Tuliingia Keya, jeshi la Mwingereza, pamoja. Dada alikuwa mjamzito, na siku tulipoondoka hakulia. Alinishika mkono mbele ya mumewe akasema, "Kaka, huyu umrudishe nyumbani kwangu. Sitaki kuletewa maneno." Dada yangu si mtu wa utani. Wajapani niliwaogopa, lakini yeye nilimwogopa zaidi.

Basi tulitoka Burma wote wawili tukiwa wazima, tukapelekwa India kupumzika na kungoja meli. Nikajisemea, kazi imekwisha. Kumbe mlamu alikuwa amekwisha kuacha kula na watu. Kila siku alichukua sahani yake akaenda kukaa nyuma ya hema peke yake. Nilipomfuata kumuuliza kama tumemkosea nini, aliniambia kwamba kule msituni alimwua mtu kwa kisu, kwa karibu kabisa, na kwamba uso wa yule mtu ulikuwa bado unamtazama.

Nilielewa mara moja, na nikaudhika kwa kuelewa. Kwetu, zama za wazee, aliyemwaga damu vitani hakuingia nyumbani hivi hivi. Hakugusa mtoto wala hakutia mkono katika chakula cha wenzake mpaka aoshwe kwa dawa katika maji yanayokimbia. Asipooshwa, marehemu humfuata hadi mlangoni, na wa kwanza kuugua ni mtoto mdogo. Sisi tulikuwa Waluteri, tumebatizwa na kupata kipaimara, na mambo hayo tuliyacheka kwa sauti kubwa, hasa mchana. Kijijini kwetu aliyeijua dawa hiyo alibaki mmoja tu, naye ni baba yangu. Alipobatizwa aliifukia pembe ya dawa ardhini na hakumwonyesha mtu mahali.

"Baba mkwe atakubali?" mlamu aliniuliza.

"Hatakubali. Na hata akikubali, wewe utavua nguo mbele ya mkwe wako?"

Nilitaka acheke kidogo. Hakucheka. Kwetu mkwe na mkwe hawaonani miili, afadhali ardhi ipasuke. Aliinamia sahani yake, akaniambia kwamba basi hawezi kwenda kumshika mtoto ambaye hajamwona.

Siku moja ya mapumziko afisa wetu alitupatia lori twende tukatazame mahekalu ya kale. Tulipita vijiji vya udongo na mashamba ya mpunga, wanawake wakitupisha na mitungi ya shaba vichwani, vumbi likitufuata. Mto tuliuona kwa mbali, mpana, mchanga wake mweupe kama unga. Mahekalu yenyewe yalikuwa yameachwa miaka mingi. Mizizi ya miti ilikuwa imeingia katikati ya mawe na kuyatenganisha, nguzo zimelala kwenye majani, na wachezaji ngoma waliochongwa ukutani hawakuwa na vichwa. Wenzetu walizicheka zile sanamu za uchi. Mimi mle ndani, katika giza na harufu ya popo, nilisali Baba Yetu kimoyomoyo, na nilipofika katikati nikasahau maneno. Halijapata kunitokea jambo hilo, wala kabla wala baadaye.

Aliyetutembeza alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji kile, mtu mpole, Kiingereza chake na changu vilikuwa sawa kwa ubovu. Alitutaka tuvue viatu, akatuonyesha hekalu moja dogo ambalo bado lilitumika, na chini yake ngazi za mtoni. Watu walikuwa wakioga na nguo zao. Bibi mmoja aliteka maji kwa viganja akayamwaga kuelekea jua. Maua ya manjano yalielea yakizungukazunguka.

"Huu ndio," mlamu alisema. "Bwana wangu wa Makambako aliniambia. Mito ya kwao ukiingia, uchafu wote wa moyo unakwenda na maji. Haidai dawa wala mzee."

"Mlamu, huo ni mto wa watu."

"Maji ni maji. Shika buti."

Aliingia mpaka kifuani. Alizama, akakaa chini muda mrefu hata nikaanza kufungua vifungo vya shati langu. Alipoibuka alikuwa anacheka. Alipanda ngazi akitiririka maji, akanyoosha mkono, akamega chapati niliyokuwa nakula mimi, akaila palepale. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu tuondoke nyumbani. Nilimwona akilini dada yangu amesimama mlangoni na sisi tunatokea wawili.

Tuliondoka tukitembea kandokando ya mto, kuelekea juu, kulirudia lori. Baada ya kona moja tukaona moshi. Palikuwa na rundo la kuni lililokwisha kuungua na kuanguka, wanaume wachache wamevaa nguo nyeupe, na mmoja wao alikuwa akikusanya majivu na kuyasukuma majini. Mkondo uliyachukua na kuyapeleka kulekule tulikotoka, kwenye zile ngazi. Mwalimu alitueleza kwa unyenyekevu kwamba hiyo ni heri kubwa kwa marehemu, na watu hutoka mbali kuleta wafu wao hapo.

"Muulize," mlamu aliniambia, "wanaletwa kila siku?"

Nilimuuliza. "Kila siku," mwalimu alisema, tena kwa fahari.

Sisi tunazika, tena karibu na nyumba, na mtu akitoka makaburini hunawa nje kwanza, ndipo aingie ndani. Mlamu alijitazama mikono, akaitazama migongo ya viganja, akaipangusa kwenye suruali. Kisha akasema polepole, kwa Kibena, lugha ya kwetu, ili wenzetu wasisikie, "Nilikuwa naye mmoja. Sasa ninao wangapi?"

Ile chapati iliyobaki mkononi niliitupa majanini.

Tuliporudi Tanganyika, lori la kutoka Iringa lilitushusha Makambako, na mlamu akakataa kwenda mbele. Yule Mhindi wake alimpa nafasi ya kulala katika stoo. Alipoelezwa habari ya mto, alimwambia kwa huruma kwamba mto ule hausafirishi wafu kurudi, unawapumzisha, na kwamba yeye mwenyewe angetoa chochote majivu ya baba yake yafike pale. Mlamu alimsikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza tajiri wake.

Kijiji chetu ni mwendo wa nusu siku kutoka pale. Nilikwenda nikamwambia dada ukweli wote. Alijifunga kanga, akambeba mtoto mgongoni, tukarudi. Hakubishana na mumewe hata neno moja. Alimfungua mtoto akamweka mapajani mwa mumewe. Mtoto akamshika kidevu. Mlamu alilia, na kesho yake akaja nyumbani.

Alikaa nasi miezi michache, kama huko ni kukaa. Alikula kando na alijihadhari kivuli chake kisimwangukie mtoto. Mtoto akipiga chafya, mlamu alitoka nje. Halafu ukaja ule ukungu wa kwetu, na mvua ya rasharasha isiyokoma, na mtoto akashikwa na kikohozi na homa. Kifua chake kilibonyea kila alipovuta pumzi. Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Mlamu alisimama kwenye ua wa baba yangu, hakuingia.

"Baba, niosheni. Nitavua, nitafumba macho, niosheni tu."

"Ulioshwa," baba alisema. "Ulibatizwa."

Dada alitoka na mtoto kifuani. "Baba, mwosheni! Dhambi hiyo nitaibeba mimi."

Baba alikataa, akaingia ndani, na tulimsikia akilia. Niliwakasirikia wote, aliyekataa na aliyeomba, na nilimkasirikia Mungu pia, maana nilitaka kumwona baba akichukua jembe akachimbe ile pembe.

Asubuhi mlamu alivaa koti lake la jeshi, akamtazama mtoto kutoka mlangoni, akaondoka. Dada hakuinuka, mtoto alikuwa amemlalia.

Kabla ya adhuhuri homa ilishuka. Mtoto alitoka jasho, akafumbua macho, akaomba uji. Baba alipiga magoti palepale jikoni kwenye majivu. Wanawake waliimba. Mimi nilichukua baiskeli ya baba na kushindana na matope mpaka Makambako, kwa furaha, nikipiga kengele hata mahali pasipo na mtu.

Nilimkuta njia panda, juu ya lori la kwenda Mbeya lililokuwa karibu kuondoka.

"Mlamu, shuka! Mtoto amepona! Amekunywa uji!"

Uso wake uling'aa. Alifumba macho akashukuru, nami nikanyoosha mkono nimsaidie kushuka.

"Basi umeona," alisema kwa upole. "Wamenifuata mimi."

Utingo akapiga bodi kwa kiganja. Lori halikuwa na abiria mwingine. Mlamu alisogea mpaka pembeni kabisa, magoti yamebana kifuani, akawaachia wenzake nafasi.