Mbio za Kabati na Mama Mkwe Wake

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Kabati, na ukimwona ungejua kwa nini. Mabega yake yaliingia mlangoni kwa zamu. Kifua kilifika mahali kabla ya mwenyewe. Halafu ukishusha macho unakutana na miguu, unajiuliza kama aliiazima kwa mtu, tena mtu mgonjwa.

Kabati alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Jioni akitoka kazini alipitia uani kwa fundi wa kuchomelea, ambako wanaume wa mtaa walinyanyua vyuma alivyovitengeneza fundi mwenyewe kwa magurudumu ya mkokoteni na ndoo za zege. Alinyanyua miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakukimbia hata kuwahi mvua. "Mbio ni za mbuzi na waoga," alisema. "Mwanamume husimama."

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mtu mwembamba mwenye kofia alichukua kopo la rangi ya bluu rafuni, akatoka nalo kama anayekwenda kwake. Kabati akamwona, akapiga kelele, akatoka mbio. Mwizi naye akaongeza hatua, wala si sana. Walipita kinyozi, wakafika duka la dawa, na hapo Kabati akahisi mapafu yamegeuka magunia yaliyolowa. Akashika nguzo. Nguzo ikawa haishikiki. Akakaa chini, puu.

Mwizi akageuka, akatazama, akarudi.

"Kaka, vipi? Usilale. Inamisha kichwa. Vuta pumzi kwa pua, ndiyo, hivyo hivyo." Akavua kofia akampepea nayo, akamwita mwenye duka la dawa alete maji. Maji yalipofika akamnywesha, akampigapiga begani. "Mwili wote huu, kaka, halafu injini ya cherehani. Jitahidi." Kisha akaokota kopo lake la rangi akaenda zake. Hakuna aliyemzuia, maana kila mtu alikuwa ameshampenda.

Mwenye duka la vifaa hakumfukuza Kabati. Alisema tu, "Nilikuajiri ulinde, si upambe." Kufika adhuhuri mtaa ulikuwa umelirefusha jina lake. Sasa aliitwa Kabati la Maonyesho.

Mkewe, ambaye ni fundi nguo, alijaribu kumpa pole, lakini kila akifungua mdomo kicheko kilitangulia. "Halafu huyo mwizi asitukane cherehani," alisema mwishowe. "Yangu inakimbia siku nzima."

Asiyecheka ni mama mkwe. Mama huyu aliishi nao, ghorofa ya tatu, tangu alipostaafu. Alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali miaka thelathini na moja, akipeleka mafaili kutoka jengo hili hadi lile, na alipostaafu yeye, miguu yake ilikataa kustaafu. Kila alfajiri alikimbia, kilo hamsini za mifupa na maneno.

Kesho yake mlango wa chumba uligongwa.

"Mkwe wangu, amka. Tunakwenda."

"Wapi, mama?"

"Kupunguza aibu."

Tatizo la kwanza lilikuwa bukta. Kabati aliona heri afe kuliko mama mkwe aone magoti yake, kwa hiyo alitokea na suruali ya kazi, yenye mkanda na pasi. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Rudi ukavae bukta. Mimi ndiye ninayeianika kila wiki. Miguu inayoingia humo nilishaikadiria zamani."

Asubuhi ya kwanza walifika nguzo ya nne ya umeme. Ya pili, nguzo ya nne. Ya tatu Kabati alijifunika shuka akasema anaumwa, akakataa kutaja sehemu. Mama hakumbembeleza. Alisimama nje ya mlango akasema, kama anayejisemea, "Basi. Nami nilitaka kumweleza kwa nini mwenye bucha amerudi kuishi kwa mama yake." Akaanza kushuka ngazi. Kabati alimfikia ghorofa ya kwanza, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Hiyo ndiyo ikawa dawa. Mtu aliyebeba barua za watu miaka thelathini na moja hakosi habari, na mama alikuwa na sharti moja tu: umbea unakwenda kwa miguu. Wakikimbia, anasimulia. Kabati akisimama, naye anafunga mdomo, hata katikati ya neno.

"Basi mke akafungua stoo ya nyama, akamkuta..."

"Nani, mama? Akamkuta nani?"

"Inua miguu."

Mwenye bucha aliwafikisha nguzo ya kumi na tano. Kisa cha mwalimu wa kwaya, chenye watu wengi na dirisha moja, kiliwapeleka uwanja wa mpira na kuwarudisha.

Mwezi wa pili wa mbio hizo muuguzi wa zahanati alimwambia mama kwamba mifupa yake inapungua nguvu. Mbio peke yake hazitoshi, anyanyue na vitu vizito. Zamu ya mkwe ikafika. Kabati alipomwingiza uani kwa fundi, wanaume sita walitafuta mashati yao kwa pamoja. Mama akaushika mtarimbo mtupu, kisha akanusa kiganja chake. "Hiki chuma kilioga lini?"

Kabati alimfundisha kwa upole ambao hata mkewe hakuwa ameuona: mgongo unyooke, magoti yakunjwe, pumzi itoke wakati wa kuinua. Wiki ya tano mama aliinua kilo ishirini. Aliziweka chini, akatazama huku na huku kama aliyeiba.

Watu wakaanza kumsifu, na sifa zikamlevya Kabati. Akawa anakimbia kila asubuhi na kunyanyua kila jioni, na hakupunguza kitu isipokuwa usingizi. Siku moja alisinzia wima kwenye lango la duka, na mteja mmoja, akidhani ni sanamu ya tangazo, akamwegemezea ngazi.

"Mbio zinakula nyama," fundi alisema. "Aziache."

"Chuma kinamgeuza mtu ng'ombe," mama akajibu. "Akipunguze."

Walibishana jioni nzima. Hatimaye mama alifanya walichofanya ofisini miaka yote kila waliposhindwana: akaandika waraka, akaubandika kwenye friji. Siku tatu za chuma, tatu za mbio, na kati ya hizo za mbio moja tu ndefu, tena isifuate siku ya kunyanyulia miguu. Jumapili hata kijiko kibebwe na mtu mwingine. Fundi akagonga muhuri wa kidole chenye masizi. Wiki mbili baadaye Kabati alikuwa analala kama mtoto, na suruali zilianza kumbana mapajani, jambo lisilowahi kutokea katika ukoo wao.

Kisha umbea ukaisha.

Mtaa una watu wachache, na hao wachache walikuwa wameanza kuwa na adabu. Mvua nazo zikaja. Mama alijaribu visa vya ofisini, lakini nani atakimbia kilomita nne kwa ajili ya faili lililopotea? Kabati akaacha siku moja, akaacha mbili, zikawa wiki mbili. Chuma aliendelea nacho, kwa sababu chuma kiko chini ya paa.

Ndipo alipokwenda kununua dawa ya kikohozi. Mwenye duka la dawa, mwanamke mcheshi, akamtazama kwa huruma mpya.

"Pole, shemeji. Kumbe unalia ukikatwa kucha."

Kabati akaganda. "Nani kasema?"

"Mama mkwe wako. Tunakimbia pamoja siku hizi. Kesho ananimalizia ile yako na mende bafuni."

Alfajiri iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha, na Kabati alikuwa chini ya ngazi, ndani ya bukta, kabla ya wote.

"Mama, ya mende haisimuliwi."

"Haisimuliwi ukiwepo," mama alisema, akifunga kamba za viatu. "Asiyekuwepo ndiye habari."

Hakukosa tena. Akiulizwa siri ya bidii yake, alijibu kwamba ni afya.

Mwaka ulipozunguka walijiandikisha mbio za mji, kilomita kumi. Mama alipotea mbele kabla ya kilomita ya pili. Kwenye kilomita ya saba Kabati aligundua kwamba yuko peke yake, hakuna anayemsimulia lolote, na miguu inakwenda. Alisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, taratibu, kama ya mtu mwingine mwenye akili zaidi. Ikamfurahisha hata akacheka kwa sauti, na polisi wa barabarani akamtazama vibaya.

Alimaliza wa mia tatu na kumi na mbili, nyuma kidogo ya mjamzito aliyekuwa anatembea haraka. Mama alikuwa pale mwisho, ameshakunywa maji yake na ya mkwe. Kabati alisimama mbele yake, mikono magotini, machozi yakichanganyika na jasho.

"Mama, nimefika."

"Nimeona," mama akasema, akimfuta uso kwa upindo wa kanga. "Sasa toka kwenye mstari, baba, watu wanataka kupita."