Maganga wa Zamani Hatunaye Tena

Ndugu na marafiki, ninaandika kuwajulisha kwamba sijafa.

Jana niliweka hapa picha yangu ya rangi nyeusi na nyeupe, nikaandika: "Maganga wa zamani hatunaye tena."

Nilikuwa ninaitangaza riwaya yangu, inayomhusu kijana aliyejitenga na watu, akajibadilisha, kisha akapata wafuasi lukuki mtandaoni.

Halafu nikazima simu, ili nionje upweke wa mhusika wangu.

Niliamini maneno yale yana uzito wa kifasihi.

Yalikuwa nao. Asubuhi ya leo shangazi yangu ameingia Itetemia kutoka Puge, akilia tangu barabarani, kanga kiunoni, kiroba cha unga kichwani.

Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

Kilio kikakatika. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye ndala.

"Marehemu anaamkia watu?"

Nilimfafanulia, kwa lugha niliyojivunia, kwamba iliyofariki ni nafsi yangu ya awali.

"Na huyu aliyebaki ndiye bora?" akauliza. "Basi tumefiwa mara mbili."

Majirani waliokuwa wameanza kutandika mikeka ya msiba uani walicheka hadi wakaikalia.

(Sura za riwaya nilizowahi kuweka hapa hazikupata hata msomaji mmoja. Tanzia imejaa "poleni" hadi sasa.)

Shangazi amekataa kurudi na unga wake. Ameagiza upikwe, nami niwasomee riwaya wote waliojiandaa kunizika.

"Wakisinzia," amesema, "tutaendelea na mazishi."

Ni Jumamosi hii, saa kumi alasiri, hapa nyumbani Itetemia.